Ondoeni Hilo Swali Kwenye Fomu

Najua niliahidi sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata wiki hii. Itakuja. Leo pia naandika juu ya hifadhidata, ila nimekasirika kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Nina hoja moja tu, na naitaja mapema ili asiyependa maneno mengi aondoke nayo: swali la "Je, una ulemavu?" halina kazi yoyote kwenye fomu ya kuomba ajira. Liondolewe. Msiniambie mtaliwekea kinyota cha kuonyesha kwamba ni la hiari. Liondolewe kabisa.

Kwa nini naingilia mambo haya? Nina tatizo la kusikia tangu utotoni. Huvaa vifaa vya kusaidia kusikia masikio yote mawili, nilisomea sayansi ya tarakilishi chuo kikuu, na sasa naandika programu kwa mshahara hapa hapa Nairobi. Wanafunzi wenye ulemavu wakisikia hivyo hunitafuta. Kuna asiyeona, kuna wa kiti cha magurudumu, kuna kiziwi, kuna mwenye kifafa ambaye ukimtazama huoni kitu. Wako mwaka wa mwisho, wanatafuta mafunzo ya kazini au kazi ya kwanza, na wote wanauliza jambo moja: "Niseme ama ninyamaze?"

Nimechoka kulijibu swali hilo. Sichoshwi na wanafunzi, la hasha. Nachoshwa kwa sababu anayepaswa kuulizwa ameketi ofisini Westlands akinywa chai, na anayeulizwa ni kijana wa miaka 22 anayekopa nauli ya matatu namba 23 kutoka Kangemi.

Mawaidha mawili, yote ya kumchosha mtu

Mshauri wa ajira wa chuo atakwambia: sema ukweli, mwajiri anapenda mtu muwazi. Mjomba wako, au mwenzako wa chumba, atakwambia: ficha, ingia kwanza, watakujua ukiwa ndani.

Mshauri hajui kinachotokea fomu ikifika upande wa pili. Fomu mia tatu zimeletwa kwa nafasi mbili, na mtu mmoja amepewa adhuhuri moja kuzipunguza zibaki kumi na tano. Hana haja ya kuwa na roho mbaya. Anatafuta sababu yoyote ya kuweka fomu kando, na kisanduku kilichotiwa alama ya "Ndiyo" ni sababu iliyo tayari. Atajiambia, "Huyu tutamsumbua bure, ofisi yetu ina ngazi." Kisha anakwenda kwa fomu inayofuata. Hakuna aliyemtukana mtu, hakuna aliyeandika barua. Na wewe uko Kawangware unaangalia simu kama ina mtandao.

Mjomba naye hajui gharama ya kuficha. Aliyeandika "Hapana" ataambiwa baadaye kwamba alidanganya. Atameza dawa zake chooni. Atakaa kwenye mkutano akitikisa kichwa ilhali hajasikia nusu ya yaliyosemwa, kisha aambiwe hazingatii kazi. Na wengine hawawezi kuficha hata wakitaka. Wa kiti cha magurudumu atajulikana akifika mapokezi. Kiziwi anayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara hana budi kusema kabla ya mahojiano, la sivyo atakaa mbele ya midomo mitano inayocheza.

Kwa hivyo ukisema umekwisha, ukinyamaza umekwisha. Hapo ndipo ujue kwamba kasoro iko kwenye swali lenyewe.

Yaliyonipata mimi

Nilipomaliza chuo nilituma maombi kila mahali, kuanzia katikati ya jiji hadi Lavington. Kampuni moja ya Westlands (sitaitaja) ilikuwa na swali hilo kwenye fomu. Nikajibu ndiyo, nikaeleza: nasikia vizuri nikimwona mtu usoni, simu hunipa taabu, tafadhali mahojiano yawe ya ana kwa ana au kwa maandishi. Wakanijibu, "Asante, tutakupigia simu." Wakapiga kweli. Nilisikia jina langu na neno "experience", mengine yakawa mvumo. Nikaomba kwa barua pepe waniandikie maswali. Kimya mpaka leo.

Tazameni hapo. Waliuliza kuhusu ulemavu wangu, nikawajibu, na jibu halikubadilisha chochote katika namna walivyonishughulikia. Basi walitaka kulijua la nini?

Miezi kadhaa baadaye kampuni nyingine, pia sitaitaja, ikaniita mahojiano. Fomu yao haikuuliza kitu kuhusu mwili wangu. Barua ya mwaliko ndiyo iliyokuwa na mstari mmoja mwishoni: kuna lolote unalohitaji ili mahojiano haya yakuendee vizuri? Nikajibu kwa sentensi mbili. Nataka chumba kisicho na kelele, na wanaouliza wakae mbele yangu. Walifanya hivyo, hakikuwagharimu kitu. Nikaandika msimbo ubaoni kama wengine, nikapata kazi.

Linganisha maswali hayo mawili. Moja linauliza wewe ni nani. Jingine linauliza tufanye nini. Jibu la kwanza halimpi mwajiri maelekezo yoyote. "Ndiyo, nina ulemavu" ni taarifa ambayo huwezi kuitumia kupanga chumba, kutafuta mkalimani, wala kuongeza muda wa mtihani. Kazi pekee unayoweza kuifanya nayo ni kuchuja watu. Mwanaprogramu yeyote anajua: data usiyoitumia usiikusanye.

"Lakini sheria inatulinda"

Inatulinda, nakubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Kifungu cha 54 kinataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziwe za watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na inaanza kuhesabu tangu hatua ya kuajiri. Tena inasema mwajiri akishtakiwa kwa ubaguzi, ni yeye wa kuthibitisha kwamba haukutokea.

Mwaka wa 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Gichuru dhidi ya Package Insurance Brokers. Mfanyakazi alipata ulemavu akiwa kwenye ajira, akaachishwa kazi, na mahakama ya juu kabisa nchini ikakubali kwamba alibaguliwa. Ni uamuzi mkubwa. Kila mwanafunzi wa sheria aufahamu, na wa tarakilishi pia.

Lakini tulieni kidogo. Bwana Gichuru alikuwa na mkataba. Alikuwa na kitu cha kushika mkononi mbele ya jaji. Kijana ambaye fomu yake iliwekwa kando saa tisa alasiri ana nini? Atashtaki kimya? Hajui waliomba wangapi, hajui waliitwa nani, hajui hata kama fomu ilisomwa. Sheria yetu ina nguvu kwa aliye ndani ya nyumba. Aliye mlangoni anategemea fomu. Ndiyo maana nasema fomu ndiyo pahali pa kupigania.

Wengine wameliona hili zamani. Marekani, chini ya sheria yao ya ulemavu ya 1990, mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji kama ana ulemavu kabla ya kumpa ahadi ya kazi. Anaweza kumuuliza kama ataweza kufanya kazi fulani. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inazuia maswali ya afya kabla ya ahadi ya kazi, isipokuwa kwa sababu chache, na mojawapo ni kujua kama mwombaji anahitaji marekebisho ili afanye mahojiano. Yaani mstari ule ule niliouona kwenye mwaliko wangu. Sisemi huko ni peponi. Nasema swali limehamishwa na makampuni hayajafilisika.

Nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inaiweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti, na inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo lililotajwa. Sasa nawauliza wenye fomu: mnaihitaji kwa lengo gani siku ya kwanza, wakati hata hamjui kama mtaniita?

"Lakini bila kuuliza tutahesabuje ile asilimia 5?"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara, na ndilo la maana kuliko mengine, kwa hivyo nitalijibu kwa ukamilifu.

Hesabu ni muhimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizungumzia kutengwa kwa asilimia 5 ya nafasi, lakini kwa lugha laini: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lingejitahidi kuzipata. Mei 2025 ilitiwa saini sheria mpya iliyochukua mahali pake, na hiyo inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Fanya hesabu: wafanyakazi 20, asilimia 5, ni mtu mmoja. Mtu mmoja! Kampuni ya vijana wa programu kule Kilimani inaweza kumpata mtu huyo wiki hii ikitaka.

Sasa ndugu zangu, asilimia 5 ya nini? Ya walioajiriwa. Mfanyakazi anahesabiwa akiwa mfanyakazi. Siku anaposaini mkataba ndiyo siku ya kumuuliza, na siku hiyo atakuwa na sababu nzuri ya kujibu, kwa sababu mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kupata cheti cha Mamlaka ya Ushuru kinachoondoa kodi kwenye Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Mwulize hapo uone kama hatasema!

Na kama mnataka kujua pia ni wangapi wenye ulemavu walioomba, ili mwone kama tangazo lenu linawafikia? Vizuri sana. Hapo ndipo hifadhidata inapoingia. Tengenezeni majedwali mawili yasiyoshikana.

Jedwali la kwanza, waombaji: jina, simu, shahada, ujuzi, kazi zilizopita, na safu ya mahitaji ya mahojiano.

Jedwali la pili, takwimu: mwaka, nafasi iliyoombwa, ana ulemavu ama la. Hakuna jina, hakuna simu, hakuna namba ya kuliunganisha na jedwali la kwanza.

Anayechuja fomu aone la kwanza tu. Anayeandika ripoti ya mwaka aone la pili tu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kulijenga kabla ya chakula cha mchana. Wakuu wa ofisi za umma, nanyi msijifiche nyuma ya neno "takwa la ripoti". Ripoti haihitaji jina langu. Na palipo na nafasi iliyotengwa hasa kwa mwenye ulemavu, tangazeni wazi kwamba nafasi hii ni ya hao, nao wataleta kadi zao kwa hiari yao. Huko hakuna cha kuficha.

Ule mstari wa mwisho wa tangazo

"Watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi." Mmeusoma mara ngapi? Huwa chini kabisa, baada ya "usipojibiwa ndani ya wiki mbili ujue hukufaulu."

Sasa angalia kilicho juu yake. Tangazo lenyewe ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa skana, kwa hivyo programu ya kusoma skrini haioni herufi hata moja. Nafasi ni ya kukaa kwenye kiti na kuandika Java, lakini mwombaji awe na leseni ya udereva na "afya njema ya mwili". Barua ziletwe kwa mkono ghorofa ya nne, katika jengo la katikati ya jiji ambalo lifti yake ina kibao cha "inatengenezwa" kilichokwisha kupauka. Au ofisi iko Kileleshwa, katika nyumba ya zamani ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, yenye ngazi tano mlangoni na choo ghorofani. Halafu jaribio la msimbo ni la mtandaoni, dakika 45, na kuanzia unatakiwa kutambua taa za barabarani kwenye picha ndogo ndogo ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Asiyeona afanye nini hapo? Athibitishe ubinadamu wake kwa njia gani?

Umemhimiza kutuma maombi, kisha umemfungia mlango, kisha ukamuuliza kama ana ulemavu. Na ripoti ya mwisho wa mwaka itasema "hatukupata waombaji wenye sifa".

Wenzangu wa kuandika programu, hapa siwaachi. Hizo fomu tunazijenga sisi. Miongozo ya W3C ya kufanya kurasa zifikiwe na wote imekuwepo tangu 1999. Mwaka wa 2022 Kenya ilipata kiwango chake chenyewe, KS 2952, cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia. NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure na imekuwepo tangu 2006. Ipakue leo, zima skrini, ujaribu kujaza fomu yako mwenyewe. Visanduku visivyo na lebo utavisikia vyote vikiitwa "edit, edit, edit", na utaelewa kwa nini mwombaji aliacha katikati. Hilo si jambo la moyo wa huruma. Ni hitilafu, na hitilafu hurekebishwa.

Kwako mdogo wangu uliye mwaka wa nne

Najua fomu hazitabadilika kabla ya mahafali yako, kwa hivyo nakupa msimamo wangu.

Hudaiwi historia ya hospitali na mtu ambaye hajakuita mahojiano. Kama kisanduku ni cha hiari, kiache wazi. Kuacha wazi si uongo. Usiandike "Hapana" ikiwa ni ndiyo, maana hiyo karatasi itakufuata. Kama kisanduku ni cha lazima, jibu ukweli, halafu piga picha ya skrini na uiweke. Siku moja utaihitaji.

Ukiitwa, taja mahitaji yako na uache jina la ugonjwa. Andika hivi: "Asante kwa mwaliko. Ili niweze kufanya mahojiano vizuri nitahitaji mkalimani wa lugha ya ishara." Au: "nitahitaji jaribio linalofanya kazi na programu ya kusoma skrini, na muda wa ziada." Au: "naomba kujua kama jengo lina lifti inayofanya kazi." Sentensi mbili zinatosha. Usiombe msamaha ndani yake. Andika kwa barua pepe hata kama mmezungumza kwa simu, ili ukinyamaziwa uwe na tarehe.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu itafute mapema, ukiwa bado chuoni, maana tathmini hufanywa hospitali ya serikali na foleni unazijua. Iweke. Ni ya faida yako: ya kodi, ya nafasi zilizotengwa, ya haki zako. Si pasi ya kuonyesha kila mlinzi wa lango.

Na ukikosa kazi, usiharakishe kujilaumu kwamba ulisema vibaya au ulinyamaza vibaya. Nimewaona vijana werevu wakitumia mwaka mzima kuandika upya aya moja ya barua ya maombi, wakati aya haikuwa na kosa.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu karibu 917,000 wenye ulemavu katika Kenya, kuanzia umri wa miaka mitano. Baadhi yao wako kampasini Chiromo sasa hivi wakisoma algoriti zile zile nilizosoma. Wanalipa karo ile ile na kufanya mtihani ule ule. Wanastahili fomu inayowauliza wanajua nini.

Mabwana na mabibi wa idara za wafanyakazi: fomu iko kwenye seva yenu, na ufunguo mnao nyinyi. Futeni safu moja, ongezeni nyingine ya mahitaji ya mahojiano, mtenganishe takwimu. Ni kazi ya saa chache. Mwanaprogramu wenu akiwaambia ni ngumu, niandikieni barua pepe. Nitakuja na tarakilishi yangu nimsaidie. Chai mtanipa, ila mkae mbele yangu tukizungumza.